Mark X 250 au Legacy B4 ya tabo? Mafuta na gereji kwa anayeishi Mombasa

Egesha Subaru yenye tabo mbele ya baraza yoyote ya Mombasa, na kabla hujaulizwa habari za nyumbani utaulizwa, "Hiyo inakula vipi?" Egesha Toyota Mark X, watauliza ulinunua ngapi. Maswali yote mawili nimeyajibu miaka. Nilikuwa na Subaru Legacy B4 2.5 GT ya 2010 kwa miaka minne na miezi, nikaiuza, nikachukua Mark X 250G ya 2011 ambayo ndiyo inayolala uani kwangu Bamburi hadi leo. Sasa binamu yangu wa Mtwapa ana pesa ya gari moja na moyo umegawanyika nusu kwa nusu. Hii ni wiki ya tatu ananipigia simu. Nikimjibu kipande, anakwenda kuuliza kwingine, kisha ananirudia na kipande kingine. Haya, nimeandika yote.

Jibu langu kwake ni Mark X. Lakini sababu aliyonayo yeye, kwamba Subaru itammaliza kwa petroli, siyo yenyewe.

Tunalinganisha nini na nini

Mark X ilichukua nafasi ya Mark II mwishoni mwa 2004. Umbo la kwanza, GRX120, lilikwenda hadi 2009, likafuatwa na GRX130 lililoundwa hadi Desemba 2019 Toyota ilipoacha kabisa kuitengeneza. Ninayoizungumzia ni ya 2.5: injini ya V6 iitwayo 4GR-FSE, giaboksi ya otomatiki ya gia sita, na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Katika GRX120 injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 215, katika GRX130 ni 203. Usidhani basi kwamba la zamani ndilo bora. Toyota ilizipunguza ili GRX130 inywe petroli ya kawaida, wakati lile la kwanza liliundiwa petroli ya okteni ya juu, ile ya bei ghali zaidi. Kwa mfuko wangu, hiyo inashinda farasi 12.

Legacy ninayoisema ni ya umbo la BM, la kuanzia 2009 hadi 2014. Ile 2.5 GT ina injini bapa ya silinda nne, EJ255, yenye tabo (kipulizo kinachoisukumia injini hewa), farasi 285, otomatiki ya gia tano au gia sita za mkono, na magurudumu yote manne yanasukuma wakati wote. Mwaka 2012 ikaja 2.0 GT DIT yenye injini mpya ya FA20, farasi 300, na giaboksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia. Shemeji yangu anayo hiyo, nitamfikia.

Tahadhari moja hapa: Legacy nyingi unazoziona zikivuka Nyali Bridge ni 2.5i isiyo na tabo, ya farasi 170 hivi. Ni gari zuri la familia, lakini si hili. Nimeona tangazo la 2.5i limeandikwa "B4 GT" kwa herufi kubwa, na bei imepandishwa kufuata jina.

Kwa mbio hakuna mashindano. Ukitoka Mariakani kuelekea Samburu, malori matatu yamefuatana mbele yako na barabara iko wazi, Legacy unaikanyaga tu na mambo yamekwisha. Mark X inabidi uipange: unashusha gia, unasubiri injini ipande sauti, ndipo unatoka. Inapita, lakini kwa adabu.

Mafuta: daftari na simulizi za baraza

Nilikuwa na daftari dogo kwenye kisanduku cha mbele, na mtindo wangu haujabadilika. Najaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, naandika kilomita, naendesha, narudi pampu ile ile, najaza mpaka ikate tena, nagawanya. Namba ya kwenye dashibodi siiamini sana. Ya Legacy ilikuwa ikinizidishia karibu nusu kilomita kwa kila lita, kama mwenye duka anayekupimia sukari huku kidole kiko juu ya mizani.

Safari yangu ya kila siku ni Bamburi hadi Moi Avenue asubuhi na kurudi jioni, AC haizimwi. Kwa njia hiyo, Legacy ilinipa kati ya kilomita 6.3 na 7.1 kwa lita. Mark X inanipa kati ya 7.4 na 8.3. Safari ndefu, Legacy ilikaa kwenye 10.5, Mark X kwenye 12.

Sasa tuzigeuze ziwe shilingi, maana binamu yangu anaelewa shilingi. Chukua lita moja kwa Sh180 (EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei mpya kila tarehe 14, nasi wa Mombasa hupata nafuu kidogo kuliko Nairobi kwa kuwa mafuta yanateremka hapa hapa Kipevu). Chukua kilomita 1,000 kwa mwezi, zote za mjini. Kwa kilomita 8 kwa lita unachoma lita 125, yaani Sh22,500. Kwa kilomita 7 unachoma karibu lita 143, yaani kama Sh25,700. Tofauti ni Sh3,200 kwa mwezi, na mwaka mzima haifiki Sh39,000. Si pesa ya kutupa, lakini si ile balaa inayosimuliwa barazani. Safari ya Nairobi, kilomita 480 hivi, tofauti ni kama Sh1,000, sahani za pilau za watu wawili pale Mtito Andei na soda juu.

Kuna gharama moja ya Legacy ambayo haimo kwenye hesabu hiyo. GT iliundiwa petroli ya okteni ya juu. Ukiitia super ya kawaida haifi. Kompyuta ya injini inarudisha nyuma muda wa kuwasha ili kuzuia injini isigonge, na unapoteza nguvu na kilomita kadhaa pamoja. Nilijaribu miezi miwili kila namna. Kwa super ya kawaida ndiyo nilipata ile 6.3. Kwa hiyo ama unalipa zaidi kwa lita, ama unapata kidogo kwa lita. GRX130 haina mtihani huo.

Na ukikutana na mtu anayejisifu kwamba gari lake lilimpa 14 kwa lita safari ya Nairobi, muulize kwanza: ulikuwa unapanda au unashuka? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mark X yangu ikipanda hunipa 11 na kidogo, ikishuka 13. Mimi naandika kwenda na kurudi, nagawanya kwa mbili.

Mwinuko huo una jambo jingine ambalo wauzaji wa Nairobi hawakwambii, pengine kwa kuwa halijawahi kuwagusa. Kule juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake, na tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuisukuma hewa ndani. Ndiyo maana mtu wa Nairobi akiendesha Mark X 250 anaiona nzito, akipanda Subaru anahisi ameokolewa. Hapa pwani tuko usawa wa bahari. V6 inavuta hewa nzima, farasi wake wote wako kazini. Ushauri mwingi tunaousikia kuhusu tabo umepikwa kwenye hewa ya huko.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni joto. Kwenye Legacy GT ile rejeta ndogo inayopoza hewa ya tabo imekaa juu ya injini. Gari likienda, upepo unaipoza. Gari likisimama kwenye foleni ya Buxton saa kumi na moja jioni, inakaa pale juu ikibanikwa na joto la injini kama mkate wa kumimina. Ukikanyaga hapo unapata gari jingine kabisa, zito, na linakunywa.

Wenye jamaa ng'ambo wana mtihani wa peke yao, feri. Wakwe zangu wako Likoni. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, saa saba mchana, nilikaa kwenye foleni ya Likoni muda wa kutosha kusikiliza hotuba nzima ya redio. Watoto nyuma, AC wazi, injini inanguruma bure. Namba ya wastani kwenye dashibodi ya Mark X ilikuwa 8.1 tulipofika. Ikawa 8.0. Nikatazama kando, muuza maji akapita, nikarudi nikakuta 7.8. Tulipoteremka kwenye chombo ilikuwa 7.6, na hatujakwenda hata kilomita moja ya maana. Injini ya 2.5 ikisimama na AC wazi inachoma lita moja na ushei kwa saa, iwe ya Toyota au ya Subaru. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke, siku foleni ikiwa ndefu nazunguka kwa Miritini. Ni mbali, lakini gari linakwenda mwendo mmoja, na hesabu ya mafuta mara nyingi inakaribiana.

Njia yako, kama unavyoona, inabadilisha matumizi kuliko nembo iliyo mbele ya boneti.

Maji ya kisima

Hili ndilo nililotaka binamu asome, hata akiruka mengine yote.

Mwezi wangu wa pili nikiwa na Legacy, natoka mjini jioni, foleni imeshika hadi Saba Saba. Kwanza AC ikaanza kutoa hewa ya uvuguvugu. Nikadhani gesi imekwisha. Dakika tano baadaye taa nyekundu ya joto ikawaka. Nikapaki pembeni, nikazima, nikangoja giza liingie, nikaendesha kidogo kidogo hadi nyumbani nikisimama kila baada ya muda. Jasho lililonitoka siku ile halikuwa la joto la Mombasa peke yake.

Asubuhi fundi wangu wa Kisauni, mzee anayejua magari kwa kuyasikiliza, alifungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Maji yaliyokuwemo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akachovya kidole, akakigusisha ncha ya ulimi, akatema.

"Yakhe, haya ni maji ya kisima."

"Mimi sijaongeza kitu, fundi."

"Si wewe. Huyo aliyekuuzia."

Alipoitoa rejeta na kuikata pembeni, vile vijia vyembamba vya ndani vilikuwa vimeziba kwa ukoko mweupe, ule ule unaouona chini ya birika katika nyumba isiyopata maji ya Mzima. Bwana aliyenitangulia alikuwa na kisima chake, na kila kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ikipungua aliongeza ya kisima hicho. Chumvi ikaganda, ikala alumini, ikaziba. Rejeta mpya, thamostati, mipira yote ya maji, kulanti sahihi. Mwezi ule mshahara ulipita mikononi mwangu kama mgeni. Bahati gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, haikuungua.

Nasema bahati kwa sababu injini za EJ hazisamehi joto. Zile EJ25 zisizo na tabo zina sifa ya dunia nzima ya gasketi za hedi zinazovuja. Za tabo zilipewa gasketi za chuma zilizo imara zaidi, lakini alumini ikipindika kwa joto hata gasketi ya dhahabu haisaidii. Na kwa kuwa injini ni bapa, hedi ziko kulia na kushoto kule chini. Kuzitoa ni kazi ya kuishusha injini yote.

Mark X nayo ina alumini, nayo inaweza kuchemka. Udhaifu wake ni pampu ya maji. Ikianza kuvuja huacha unga wa waridi uliokauka kwenye mwili wa pampu, rangi ya kulanti ya Toyota. Ukiuona huo, badilisha kabla ya safari, siyo baada ya Voi. Ila Mark X haina tabo ya kuongeza moto chini ya boneti. Katika miaka yote niliyokaa nayo sijasimama njiani kwa joto hata siku moja.

Gari lolote ulilotumia pwani, uliza maji yake yalitoka wapi. Muuzaji atacheka. Mwache acheke.

Ugonjwa wa Mark X

Isije ikaonekana naisifia kwa sababu ndiyo niliyo nayo. 4GR-FSE inanyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi, na mvuke wa oili unaorudishwa huko unakaukia juu yake na kuwa makaa. Lexus IS 250, inayotumia injini hii hii, ililalamikiwa sana Marekani kwa jambo hilo. Dalili yake: umesimama kwenye taa, gia iko D, mguu juu ya breki, na usukani unatetemeka mkononi kama simu iliyowekwa kimya. Baadaye taa ya injini inawaka na kilomita kwa lita zinashuka.

Gari linalozunguka kisiwani tu, Ganjoni hadi Mwembe Tayari, Mwembe Tayari hadi Kizingo, linapata makaa upesi kuliko linalotoka. Injini haipati nafasi ya kupata moto sawasawa. Jirani yangu alikuwa na Mark X ya namna hiyo, ikifikia 5.9 kwa lita, akaanza kuitukana Toyota. Fundi akafungua njia ya hewa, akasafisha vali kwa mkono, siku moja na nusu ya kazi. Ilirudi kwenye 7.5. Mimi Mark X yangu naipeleka Kilifi au Voi angalau mara moja kila mwezi, na hiyo ndiyo dawa yangu ya kinga. Mke wangu anasema ni kisingizio. Huenda.

Kingine ni oili. Injini hizi zikishapita umri zinakunywa oili kidogo kidogo bila moshi wa kuonekana. Chomoa kijiti kila wiki ya pili. Taimingi yake, yaani kinachopatanisha mwendo wa vali na pistoni, ni ya cheni, si ya mkanda, hapo huna tarehe ya kubadilisha ya kungojea.

Magonjwa ya Legacy

Subaru kwa Kijapani ndilo jina la zile nyota zilizosongamana ambazo wakulima na manahodha wetu waliziita kilimia, na ndizo zile nyota sita za kwenye nembo. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Gari hili lina tabia hiyo: miezi mingi ya jua safi, halafu mvua inakuja yote kwa siku moja.

EJ255 ina mkanda wa taimingi, na mkanda una tarehe: kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni zinakutana na vali. Gari lililoagizwa Japani likiwa na kilomita 90,000 na likatembea hapa miaka minne limeshaipita tarehe hiyo, na mara nyingi hakuna anayejua kama lilibadilishwa. Mimi nilibadilisha siku ya kwanza, pamoja na vipulei, bila kuuliza mtu.

Tabo inataka oili safi. Mimi nilibadilisha kila kilomita 5,000 na sikuwahi kuongeza 500 za uvivu. Ukitoka mbio ndefu, ukifika usizime papo hapo. Liache lingurume dakika moja au mbili, tabo ipoe huku oili bado inazunguka. Plagi nazo ziko ubavuni, karibu kabisa na chesisi. Fundi wangu anasema plagi za Subaru zinachukua ngozi ya mkono, na ada yake inaonyesha hivyo.

Kisha tairi. Hili lilinigharimu kwa ujinga wangu. Msumari wa Bombolulu ulichana tairi moja ubavuni. Fundi wa tairi akaniambia moja tu yatosha, nami nikafurahi kusikia ninachotaka. Tairi mpya ni kubwa kidogo kuliko tatu zilizoisha. Kwa gari la magurudumu mawili haijalishi sana. Kwa Subaru tairi hiyo inazunguka polepole kuliko wenzake, na mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma unapambana na tofauti hiyo kila mita unayokwenda. Baada ya wiki mbili, nikikata kona ya kuingia uani gari lilikuwa linang'ang'ania na kurukaruka kama punda aliyekataa mzigo. Nikanunua tatu zaidi. Kwa Legacy, hesabu tairi nne kwa mara moja. Kwa Mark X mbili zinatosha.

Mark X ina la kulipa hapo, ni kweli. Masika ikinyesha, barabara ina utelezi wa oili, nyuma ya Mark X yenye tairi zilizoisha inaweza kukupita. Vijana wengi wameiharibu namna hiyo. Legacy ni kama imegandishwa barabarani. Lakini jiulize ni mara ngapi kwa mwaka utauhitaji msaada huo kati ya Mtwapa na mjini, kwenye ardhi tambarare.

Mengine, kwa haraka

Spea za Mark X utazipata siku hiyo hiyo barabara ya Jomo Kenyatta, na injini yake imetumika pia kwenye Crown, kwa hiyo mitumba ipo. Za Legacy isiyo na tabo zipo pia. Za GT, mara tatu nililazimika kuagiza Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja kwa basi la usiku.

Giaboksi ya Mark X haikuwahi kunisumbua. Ya Legacy ya gia tano pia ni ngumu, ukibadilisha oili yake.

Kuuza: Legacy ilinichukua miezi minne. Mark X watu wananisimamisha petroli steshini.

Chumvi inakula yote mawili sawa. Yote mawili ni chini, yote mawili yanakwaruza kwenye daraja la feri maji yakiwa yametoka. Osha chini kwa maji matamu ukirudi.

Sheria ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya kutoingiza nchini gari lililopita miaka minane imeshaifungia nje Legacy ya BM. Inayouzwa leo imeshatembea Kenya, na historia yake ni ya hapa. Mark X iliisha 2019, nayo mlango wake unafungwa.

Na ile DIT ya shemeji? Ndiyo inayonitia wivu. Farasi 300, taimingi ya cheni, na anapata 7.5 mjini na 12 safarini, karibu sawa na Mark X yangu. Lakini nayo inanyunyizia petroli moja kwa moja, kwa hiyo makaa yanamhusu, na CVT yake anaitunza kama mtoto mchanga: oili sahihi kila kilomita 40,000, hakuna kukanyaga kabla haijapata moto. Bei yake sokoni pia si ya binamu yangu. Mark X 350, farasi 318, inanyunyizia mafuta kwa njia mbili, ndani ya silinda na kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali zake zinaoshwa. Ila inataka okteni ya juu, na rafiki aliye nayo anapata 6 mjini akiwa mpole.

Ningekuwa naishi Wundanyi, nikipanda zile kona za kutoka Mwatate kila wiki kwenye ukungu na mvua, ningerudi kwa Legacy bila kufikiri. Au ningekuwa na gari la pili la kwenda kazini, na pesa ya gereji imewekwa kando kabla ya pesa ya kununulia. Binamu hana vyote viwili. Anaishi Mtwapa, anafanya kazi Shimanzi, na gari likilala gereji siku nne atapanda matatu siku nne.

Ukienda kuliona

Mark X: liwashe, weka D, kanyaga breki, washa AC, kaa dakika tatu kimya. Sikiliza mkono wako kwenye usukani. Kisha tochi, tafuta ule unga wa waridi kwenye pampu. Kijiti cha oili. Soma karatasi uhakikishe ni GRX130.

Legacy: omba risiti ya mkanda. Hakuna risiti, ondoa bei ya mkanda kwenye bei ya gari. Soma namba za tairi zote nne na upime meno yake. Zungusha usukani hadi mwisho, nenda taratibu kwa duara, sikia kama linang'ang'ania.

Yote mawili, fungua kifuniko cha rejeta mwenyewe, na hilo haliwezekani injini ikiwa na moto. Kwa hiyo mwambie muuzaji unakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho.